Ngoma Nyuma ya Mlango

Mkanda wa kurekodia sauti ukizeeka hunuka siki. Sikuwa nalijua hilo mpaka tulipomaliza arobaini ya baba, nikarudi Area D hapa Dodoma kusafisha nyumba, nikafungua sanduku la bati lililokuwa chini ya meza yake ya kazi. Harufu ikanipanda puani kama mtu amemwaga bakuli zima la kachumbari. Nyuma yake, kwa mbali, kulikuwa na harufu nyingine ambayo siki haikuweza kuifunika: risasi iliyoyeyushwa, ile ya kuunganishia nyaya za redio. Nilikaa sakafuni palepale, mtu mzima mwenye presha na miwani ya kusomea, nikawa tena mtoto wa miaka minane aliyebana sikio kwenye mlango uliofungwa.

Wa rika langu mtaikumbuka miaka ile. Tuliiita miaka ya ruksa. Maduka tuliyoyazoea yakiwa na rafu tupu na katoni mbili tatu za viberiti yalijaa ghafla: sabuni za kunukia, dawa ya meno ya rangi, redio za kaseti zenye taa za kumetameta. Sokoni nguo za mitumba zilimwagwa chini kwa marobota na akina mama wakawa wanachambua wakicheka. Lakini miaka hiyohiyo mashirika ya umma yakaanza kufungwa na kuuzwa, na akina baba waliokuwa wakitoka asubuhi na suti zao za Kaunda wakabaki nyumbani, wakimwagilia ua wa michongoma ambao haukuhitaji maji. Sisi watoto tulifurahia sabuni, hatukujua kwamba hayo mawili yalikuja na basi moja.

Baba alikuwa fundi mitambo katika mojawapo ya mashirika hayo. Kazi yake ilikuwa vipaza sauti, redio za upepo za kuwasiliana na mikoani, na mashine za kurekodia mikutano. Siku shirika lilipokufa, wafanyakazi waliambiwa wajichukulie vilivyobaki stoo. Wenzake wakachukua viti, makabati, wengine hata milango. Baba alirudi na mkokoteni uliobeba mashine moja ya kijivu, nzito kama gunia la mahindi, yenye magurudumu mawili ya mkanda juu yake, na sanduku la bati lililojaa mikanda. Mama alisimama mlangoni akaitazama mashine, kisha akatazama nyuma ya mkokoteni kama kuna kingine kinafuata. Akauliza, "Na viti?"

Baba hakuwa mtu wa maneno. Kwao ni Kondoa, na mama alikuwa akimtania kwamba huko Kondoa maneno huuzwa kwa kibaba. Aliingiza mashine kwenye chumba cha mbele, kile ambacho kwenye nyumba za wenzetu kilikuwa cha wageni, akaweka kufuli. Mimi nilikatazwa kabisa kuingia. Aliniambia mle ndani kuna umeme usio na subira.

Alichokuwa akikifanya mle nilikielewa nikiwa mkubwa, na sijui kama nimekielewa chote. Alikuwa akikata mkanda wa sauti kwa wembe, kipande chenye urefu wa hatua chache, akaunganisha ncha zake kwa selotepu ukawa kitanzi, kisha akaupitisha kwenye mashine uzunguke bila kikomo. Sauti ileile ikawa inarudi na kurudi. Akiupunguza mwendo, mlio wa kijiko kwenye sufuria ukawa kengele ya kanisa. Akiuongeza, kicheko cha mtu kikawa kanga wa porini. Alichanganya na ile miluzi inayosikika kwenye redio kati ya stesheni moja na nyingine, ambayo watu wote huizungusha haraka waipite. Yeye aliikalia saa nzima. Alimwambia mama kwamba anataka kutengeneza muziki usiopigwa na mtu. Mama alicheka mpaka akakaa chini, akasema muziki usiopigwa na mtu ni upepo, na upepo Dodoma tunao wa kutosha.

Mama yeye alikuwa na muziki wake. Alizaliwa kijijini Haneti, na alipoolewa alikuja na ngoma aliyoachiwa na bibi yake, ndefu, nyembamba kiunoni, ngozi yake imepaukia katikati kwa viganja vya wanawake watatu waliotangulia. Muheme. Kwa Wagogo ngoma ile ni ya wanawake. Mwanamke huikaza katikati ya mapaja akaipiga kwa mikono mitupu, na mwanamume hana kazi nayo zaidi ya kuisikiliza. Ya mama ilitundikwa kwenye msumari sebuleni, juu ya kalenda. Akikasirika aliishusha. Akifurahi pia aliishusha. Mimi nilikuwa najua hali ya hewa ya nyumba yetu nikiwa bado nje kwenye michongoma.

Jumapili moja baada ya kanisa baba alimwomba aipige arekodi. Alitoa mashine uani, akatundika kipaza sauti kwenye kamba ya nguo katikati ya mashuka. Mama aliingia ndani akabadili khanga, kana kwamba anapigwa picha. Alipokaa akawa na aibu, akaiuliza kamba ya nguo, "Haya, nianze?" Baba akaashiria kwa mkono. Mama akanitazama mimi niliyekuwa nimekaa kwenye ndoo na mdogo wangu mapajani, akaanza. Alipomaliza aliuliza kama imeingia. Baba, mwenye vipokea sauti masikioni, akasema imeingia. Basi, akaitundika ngoma akaenda kupika. Hakuomba asikilizishwe na baba hakufikiria kumsikilizisha. Nalitaja hili kwa sababu maisha yetu yote yalikuja kuning'inia hapo.

Mvua za kwanza ziliponyesha walikosana. Hawakupigana wala kupiga kelele. Mama alitaka tuhamie wote Haneti tukalime, maana mshahara haupo na ardhi ipo. Baba alisema yeye jembe halijui na mashine haiwezi kuachwa. Waliyasema hayo kwa siku kadhaa, kila mmoja kwa maneno yaleyale, na kila siku kwa sauti ya chini zaidi. Asubuhi moja nilimwaga uji wangu kwa makusudi kwa kuwa haukuwa na sukari. Mama akaufuta sakafuni akasema, "Mtoto huyu, siku moja nitamwacha." Akina mama wote wa dunia husema hivyo. Niliporudi kutoka shule mchana, msumari ulikuwa mtupu.

Baba aliniambia mama amekwenda kulima na mdogo wangu mgongoni, mimi nimebaki kwa ajili ya shule, na akishavuna atarudi. Ngoma ameiviringisha kwenye gunia ikapanda juu ya basi. Niliuliza kama alikasirikia uji. Hakuelewa nauliza nini. Akanipa ugali.

Nyumba ilinyamaza. Jirani yetu Mama Suzi, mke wa karani wa Bunge, mtu wa Moshi mwenye moyo mpana, aliniita kwake kula mara kwa mara, lakini watoto wake walikuwa wakubwa na mlo wao ulikuwa na stori nyingi za watu nisiowajua. Nikirudi kwetu nilikuwa nakaa sebuleni chini ya ule msumari nikisikiliza wembe wa baba ukikata mkanda nyuma ya ukuta. Nilijifunza kucheza mdako peke yangu, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto. Wa kushoto ulikuwa ukinyang'anywa sana nikauonea huruma.

Kisha, alasiri moja, nikasikia ngoma.

Ilitoka kwenye chumba kile. Ilikuwa ngoma ya mama, mkono wa mama, ile namna yake ya kupiga mbili nzito na kusindikiza na nyepesi zinazokimbizana. Nilisimama nikiwa na maji kwenye kikombe na sikumbuki yalimwagikia wapi. Hesabu yangu ya kitoto ilikuwa nyepesi na haikuwa na kosa: ngoma ile hupigwa na mwanamke, mwanamke mwenye mkono ule ni mmoja, kwa hiyo mama hakwenda Haneti. Mama yumo mle chumbani. Amejificha, na anajificha mimi nisimwone.

Sikuona ajabu baba kuwa anaingia na kutoka akifunga kufuli. Wakubwa wana mambo yao. Nililoona ni kwamba mama alikuwa akinisikia nikipita koridoni na hatoki. Nikaanza kutengeneza nilichoharibu kwa ule uji. Baba akinipakulia ugali na mlenda, nilikula nusu, nusu nyingine nikaifunika kwa sahani nikaiweka chini mlangoni, nikatoka kwenda kucheza ili mama asione haya kufungua. Nikirudi, sahani ilikuwa tupu. Na si tupu tu, ilikuwa imeoshwa na kuinamishwa jikoni ikauke. Baba yangu tangu nimezaliwa sikuwahi kumwona akiosha sahani. Sasa nilikuwa na ushahidi.

Niliongea na mlango. Nilimwambia jino langu limetoka na nimelitupa juu ya bati kama alivyonifundisha. Nilimwambia siku hizi uji nakunywa hivyohivyo. Ngoma haikusimama hata mara moja kunijibu. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko kutomwona. Mama wa siku zote alikuwa akipiga kidogo, anasimama, anavuta pumzi, anasema neno, anaendelea. Huyu hakupumzika. Nikaamini anapiga mfululizo ili asinisikie. Upweke wa mtoto aliyefiwa watu huuona, wakaja na mchele na khanga. Wangu hakuna aliyeuona. Mama Suzi alisikia ngoma akasema siku hizi redio yenu mnaifungulia sana. Kwa mtu wa Moshi ngoma ni ngoma.

Mvua zilikatika, upepo wa baridi ukaanza kupeperusha vumbi, na watu wenye mashamba wakawa wanarudi na viroba. Siku moja baba alikwenda mjini kutafuta kifaa cha mashine, akaniambia kama siku zote, akitoka nisimfungulie mtu. Akaiacha ngoma inalia. Nadhani alikuwa akijaribu mkanda wake una uvumilivu wa muda gani. Mimi nilifurahi kwa siri, maana sasa tulikuwa wawili tu nyumbani, mimi na mama. Nikakaa koridoni, mgongo ukutani na sikio mlangoni, nikafumba macho.

Hapo mtu akapiga hodi mlango wa nje.

Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya chini, ya mtu aliyechoshwa na safari. Ilifanana na ya mama. Nakumbuka nililiwaza hilo waziwazi, kwamba mtu huyu ana sauti kama ya mama, nikaliacha lipite, kwa sababu mama alikuwa nyuma ya mlango ule mwingine na mkono wake nausikia. Hodi ya pili. Nikajikunja zaidi. Niliogopa nikiitika mama ataacha kupiga, kisha baba atarudi na zamu yangu itakuwa imekwisha. Hodi ya tatu ilichelewa sana, nikadhani ameshaondoka. Baada ya hapo ikabaki ngoma peke yake.

Baba aliporudi aliingia na kiroba alichokikuta kizingitini. Ndani kulikuwa na karanga, mlenda mkavu uliofungwa kwa kitambaa, chupa ya asali iliyozibwa kwa gunzi, na gauni langu dogo la kitenge lililoshonwa kwa mkono. Akaniuliza nani kaleta. Nikasema kuna mtu alipiga hodi. Baba alikaa kwenye kiti akaishika ile chupa muda mrefu. Baadaye sana alikuja kuniambia alivyoelewa siku ile: mtu akivuna akaleta mwenyewe, amerudi. Akituma kwa mkono wa mwingine, ameaga. Aliliambia gauni, si mimi, "Ametuma mtu."

Nikasema, "Nani ametuma? Mama si yumo humo ndani?"

Alinitazama. Nadhani ndiyo mara ya kwanza mwaka ule kunitazama kwa muda wa kuniona. Akatoa ufunguo, akafungua, akanishika mkono akaniingiza. Hapakuwa na mama. Palikuwa na mashine ya kijivu, na mkanda mwembamba wa kahawia uliotoka kwenye mashine, ukapita hewani mpaka kwenye chupa ya soda iliyokuwa juu ya kabati, ukaizunguka na kurudi, unatetemeka kama utando wa buibui kwenye upepo. Kwenye kasha la mbao la spika, lenye karatasi nyeusi iliyotoboka, mama alikuwa akipiga ngoma. Niliangalia chini ya meza. Niliangalia nyuma ya mlango. Kisha nikalia, si kwa sauti, maana niliona aibu mbele ya mashine.

Baba alisubiri nikapunguza, akauliza, "Na zile sahani?"

"Zilikuwa za mama."

Akasema, "Mimi nilidhani ni zangu." Akazima swichi. Magurudumu yakasimama, na sijawahi kusikia kimya kama kile tena, hata siku tuliyomzika.

Mama hakurudi. Baba hakumfuata. Kila mmoja wao alikuwa na kiburi cha mtu aliyeumizwa, na kiburi cha namna hiyo hakina mlango wa kupigia hodi. Likizo zikifika nilipandishwa basi kwenda Haneti, nikalala na mama na mdogo wangu, nikapigwa na jua, nikanenepa. Mama hakuwahi kusema neno baya juu ya baba. Aliniuliza kitu kimoja tu, kila nilipofika, akinisuka: nani anakupikia huko? Nilimjibu, baba. Alikuwa akitikisa kichwa polepole na kuvuta nywele kwa nguvu zaidi. Niliona ananionea huruma kwa mapishi ya baba.

Baba aliendelea na kazi yake. Alitengeneza redio za watu ili tule, na asipokuwapo mteja alitengeneza miluzi yake. Stesheni za redio za watu binafsi zilipoanza, aliipelekea moja kaseti ya sauti zake. Wiki iliyofuata walimrudishia kwa heshima, wakamwambia wameijaribu kwenye mashine tatu na inaonekana kaseti imeharibika. Alinisimulia hilo akiwa anatabasamu, na ndiyo mara pekee nilitamani kumpiga mtu mgeni. Ule mkanda wa ngoma hakuuweka tena kwenye mashine. Aliuviringisha, akauandikia jina la mama kwa kalamu ya wino, akaufungia kwenye sanduku la bati mpaka nilipokuja mimi kulifungua.

Nisingejua la kuufanya kama si Eliya, mtoto wa yule mdogo wangu, anayesoma chuo kikuu hapa Dodoma na kutengeneza midundo ya wasanii kwenye laptopu chumbani kwake. Alikuja kunisaidia kubeba makabati. Alipoona mikanda akakaa chini nayo, makabati akayasahau. Aliiponya ile mashine kwa siku nne, na mkanda ulipozunguka akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Shangazi, hii ni loop, kitanzi cha sauti," aliniambia. "Babu alikuwa anafanya loop kwa wembe."

Akanieleza kwamba zamani, kabla ya kompyuta, watu fulani huko Ulaya walijifungia kwenye vyumba vya redio na mikasi yao, wakikata mikanda hivihivi, na kwamba hata upande wa Misri alikuwapo aliyeanza mapema kuliko wengi. Leo wameandikiwa vitabu, wanaitwa watangulizi, muziki wote wa kielektroniki unaopigwa kwenye baa na harusi unawaita babu. Nilimuuliza kama baba yangu angeweza kuwa amewasikia. Eliya akafikiri, akasema hapana, haielekei, kwa sababu amefanya makosa ambayo wao walishayaacha. Basi alikuwa mtangulizi aliyechelewa miaka arobaini, peke yake, katika chumba cha mbele cha nyumba ya shirika lililokufa, na mwanafunzi wake wa pekee alikuwa mtoto anayedhani amefungiwa mama.

Tuliinakili ngoma kwenye simu tukaenda nayo Haneti. Nilitaka mama asikie mkono wake wa ujanani, zawadi ndogo kwa mjane asiyeitwa mjane. Tulimkuta uani akibangua karanga. Eliya akamwamkia shikamoo bibi, mimi nikamsalimu kwa Kigogo, mbukwa mama, akatucheka wote wawili kwa vumbi la njiani. Tukakaa. Eliya akaweka kispika kidogo juu ya kinu, akafungulia.

Mama alisikiliza na karanga mkononi. Uso wake ukakunjamana. Akasema, "Ndiye huyo."

Nikauliza ni nani.

"Huyo mwanamke wa baba yako."

Na pale, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayesimulia mavuno ya mwaka wa zamani, akatueleza. Alivuna, akapanda basi la asubuhi, mtoto akamwacha kwa bibi ili arudi na mikono mitupu ya kutukumbatia. Alipofika kwenye michongoma akasikia muheme nyumbani kwake. Yeye ngoma yake alikuwa ameiacha Haneti. Kwa hiyo ndani kulikuwa na mwanamke, Mgogo mwenzake, tena aliyekuja na ngoma yake, na mwanamke hahamishi ngoma kwenda kwenye nyumba asiyokusudia kukaa. Alipiga hodi kwa adabu, akitaka walau aonane naye. Mwanamke hakuacha hata kupiga.

"Nikasimama pale nikamsikiliza," alisema. "Mkono wake ulikuwa mzuri. Ulinishinda. Nikasema huyu haachi kwa sababu anajua yuko kwake. Ila alikuwa na kosa moja, akifika mahali fulani anajikwaa, kila mara palepale. Nimejifariji na kosa lile miaka yote hii."

Eliya alinitazama. Sote wawili tulijua anapojikwaa ni wapi. Ni pale baba alipounganisha mkanda kwa selotepu.

Nikasema, "Mama, ni wewe."

Alikataa. Alisema mkono wake anaujua. Nikamwambia hajawahi kuusikia, ameupiga tu. Eliya akatafuta kwenye simu ule mwanzo, kabla baba hajaingiza wembe, na kwenye kispika kikaja kwanza upepo wa uani kwetu, shuka likapigapiga kamba, kisha sauti ya mwanamke kijana mwenye aibu ikauliza, "Haya, nianze?"

Karanga zilimtoka mkononi. Hakulia. Alimwomba Eliya arudie ile ya kuzunguka, akaisikiliza mizunguko mingi, na ikawa kila ikifika pale inapojikwaa, kiganja chake kinapiga paja na kuijaza. Kosa likapotea. Bibi na mwanamke yule wakapiga pamoja mpaka Eliya akageuza uso pembeni.

Nilijua swali lililokuwa likija, na ningetoa chochote lisifike.

"Nilipiga hodi mara tatu," mama alisema. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa ndani, mama. Nilikuwa nakusikiliza wewe."

Mama alisogeza ungo wa karanga pembeni, akanivuta kichwa, mimi na miwani yangu, akakilaza katikati ya mapaja yake, pale ilipokuwa inakaa ngoma.